Pointi Kumi za Mary Peters

Katika riadha, sifa nyingi humwendea yule aliye bingwa wa jambo moja. Mwenye mbio husifiwa kwa mbio zake, na mwenye kuruka husifiwa kwa kuruka kwake. Lakini yako mashindano ambayo ubingwa wa jambo moja hautoshi. Humo mwanamke hutakiwa aruke viunzi, atupe tufe la chuma, aruke juu, aruke chini kwenye mchanga, kisha akimbie, yote hayo kwa siku mbili. Mwisho wa yote hutazamwa jumla ya alichokusanya, kama vile mama mwenye nyumba anavyoitazama ghala yake baada ya mavuno. Haulizwi ni debe lipi lililojaa kupita mengine. Huulizwa kama chakula kitawafikisha watoto msimu mwingine.

Mmoja wa wanawake walioufahamu vyema ukweli huo ni Mary Peters wa Ireland ya Kaskazini, aliyetwaa medali ya dhahabu ya michezo mitano katika Olimpiki ya Munich, Ujerumani Magharibi, mwaka 1972. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 33, umri ambao wanariadha wengi huwa wamekwisha kutundika viatu vyao. Alimshinda mpinzani wake kwa pointi 10 tu, baada ya kazi ya siku mbili na maandalizi ya miaka mingi. Habari za pointi hizo kumi, zilikotoka na zilikokwenda, zinastahili kuelezwa katika nyumba za askari na za raia vile vile.

Kwanza na ifahamike jinsi hesabu ya mashindano hayo inavyofanywa. Mchezaji hapewi pointi kwa kuwa wa kwanza au wa pili. Hupewa pointi kwa muda aliokimbia, kwa kimo alichoruka, au kwa umbali alioutupa tufe. Liko jedwali maalumu linalogeuza kila sekunde na kila sentimita kuwa pointi. Kwa hiyo hata mtu akiachwa nyuma katika mchezo mmoja, kila sehemu ya sekunde anayoiokoa ina thamani yake. Anayekata tamaa kwa kuwa ameona migongo ya wenzake hujiibia mwenyewe. Anayeng'ang'ania hadi mstari wa mwisho huweka akiba, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Mary alizaliwa tarehe 6 Julai, 1939, huko Halewood, karibu na mji wa Liverpool, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 11 wazazi wake walihamia Ireland ya Kaskazini, wakakaa Ballymena na baadaye Portadown. Mtoto mhamiaji huwa na shida ya kupata marafiki, tena usemi wake huwa tofauti na wa wenyeji. Kwa Mary, kiwanja cha michezo ndicho kilichokuwa mlango wa kuingilia katika jamii ile mpya. Walimu wa shule yake waliona nguvu na bidii yake, wakamtia moyo ajaribu michezo mbalimbali badala ya kujifunga na mmoja.

Mama yake alifariki Mary akiwa bado binti wa shule. Msiba kama huo huweza kumvunja mtoto moyo kabisa. Baba yake hakuwa mwalimu wa riadha, lakini aliona kwamba binti yake alihitaji kitu cha kushika. Mary alipotimiza miaka 16, zawadi ya baba haikuwa gauni wala mkufu. Ilikuwa shehena ya mchanga, ili apate mahali pa kufanyia mazoezi ya kuruka. Baadaye baba huyo akamtengenezea pia duara la saruji la kutupia tufe. Wako wazazi wengi wenye mali kuliko yule ambao hawajapata kumpa binti yao zawadi ya thamani kama ile, kwa sababu hawajamtazama wakaona anachokipenda.

Baada ya masomo ya shule, Mary alisomea ualimu wa sayansi kimu mjini Belfast, yaani mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba, akawafundisha wasichana kazi hizo. Mchana alikuwa mwalimu wa jikoni, na jioni alikuwa akinyanyua vyuma. Siku zile watu wengi, Ulaya kama Afrika, waliamini kwamba vyuma ni vya wanaume, na kwamba mwanamke akivinyanyua atapoteza uanawake wake. Mary hakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili. Mikono iliyokanda unga wa mkate ndiyo iliyotupa tufe la kilo 4.

Aliyemfundisha kunyanyua vyuma alikuwa Buster McShane, mtu wa Belfast aliyekuwa na jumba la mazoezi ya viungo. Baadaye Mary aliacha ualimu akafanya kazi katika jumba hilo. McShane alikuwa mkali, lakini alikuwa na jicho la kuona mbali. Alitambua kwamba mwanafunzi wake alikuwa na nguvu za kutosha za mikono, na kwamba kilichohitajika ni kuzipeleka nguvu hizo miguuni, katika mbio na katika kuruka.

Safari haikuwa fupi. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 19, Mary aliiwakilisha Ireland ya Kaskazini katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo, ambako michezo mitano ya wanawake iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Alimaliza wa nne, akakosa medali. Mshindi alikuwa Irina Press wa Urusi ya Kisovieti, na nafasi ya pili ilichukuliwa na Mary Rand, mwenzake katika timu ya Uingereza. Mwaka 1966, huko Kingston, Jamaika, alipata medali ya fedha ya kutupa tufe. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, badala ya kupanda alishuka: alikuwa wa tisa.

Hapo ndipo wengi wangaliaga. Alikuwa na miaka 29, amekwenda Olimpiki mara mbili na kurudi mikono mitupu. Mary hakuaga. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alitwaa medali mbili za dhahabu, moja ya michezo mitano na nyingine ya kutupa tufe. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, michezo hiyo ya Edinburgh ina kumbukumbu nyingine pia, maana ndiko binti wa Uganda, Judith Ayaa, alikopata medali ya shaba katika mbio za mita 400.

Kati ya Edinburgh na Munich, Mary alifanya jambo ambalo mtu mzima hulifanya kwa shida: alikubali kujifunza upya. Kule Mexico, Mmarekani Dick Fosbury alikuwa ameushangaza ulimwengu kwa kuruka juu huku mgongo wake ukiwa umeelekea kwenye ufito. Wengi walicheka mtindo huo kabla ya kuona matokeo yake. Mary, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameruka kwa mtindo wa zamani, aliuacha akajifunza ule mpya kama mtoto aanzaye darasa la kwanza. Uamuzi huo ndio uliokuja kumlipa kuliko mwingine wowote.

Nyumbani nako mambo yalikuwa mazito. Ireland ya Kaskazini ilikuwa imegawanyika baina ya Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, na Waprotestanti, ambao wengi wao walitaka kubaki chini ya Uingereza. Tangu mwaka 1969 majeshi yalikuwa mitaani. Mwaka 1972 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote ya ghasia zile: watu zaidi ya 450 waliuawa katika nchi ndogo yenye watu wapatao milioni moja na nusu. Wake wa askari na wa polisi wanajua maana ya kungoja mlango ugongwe usiku. Katika Belfast ya mwaka ule, karibu kila nyumba ilingoja hivyo, iwe ya askari au ya raia. Katika mji huo wa mabomu na vizuizi vya barabarani, Mary alifunga kamba za viatu akaenda mazoezini, katika kiwanja kilichokuwa duni kuliko vile vya wapinzani wake.

Tarehe 2 Septemba, 1972, mashindano yakaanza. Wapinzani wake wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Heide Rosendahl wa Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akishindana mbele ya watu wake, na aliyekuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya kuruka chini siku mbili kabla. Wa pili alikuwa Burglinde Pollak wa Ujerumani Mashariki, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya pointi 4,775.

Siku ya kwanza ilikuwa siku ya Mary. Aliruka viunzi vya mita 100 kwa sekunde 13.29. Akatupa tufe mita 16.20, wakati Rosendahl alitupa mita 13.86. Kisha ukafika mchezo wa kuruka juu, ulioendelea hadi jioni. Ufito ulipandishwa, wenzake wakatoka mmoja mmoja, naye Mary akaendelea kuuvuka kwa ule mtindo mpya aliojifunza ukubwani. Maelfu ya Wajerumani waliokuja kumshangilia binti yao wakajikuta wanaliita jina la mgeni. Alifika mita 1.82, kimo kikubwa kuliko vyote alivyopata kuruka. Rosendahl aliishia mita 1.65.

Jioni ya siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, polisi mmoja kutoka Uganda aliandika historia yake. John Akii-Bua alikimbia mita 400 za viunzi katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali kuliko zote, akashinda kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake, wala Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki. Walimwengu waliona hapo watu wawili waliotoka katika nchi zenye misukosuko, mmoja polisi na mwingine mwalimu wa mapishi, ambao hawakutazamiwa na wengi.

Siku ya pili, tarehe 3 Septemba, mambo yaligeuka. Sasa ilikuwa zamu ya michezo ambayo Rosendahl aliimudu. Katika kuruka chini Mjerumani huyo aliruka mita 6.83, akapungukiwa na sentimita moja tu kuifikia rekodi yake mwenyewe ya dunia. Mary aliruka mita 5.98. Tofauti ya sentimita 85 ni kubwa, na akiba aliyoiweka Mary jana yake ilianza kuyeyuka kama barafu juani. Ukabaki mchezo mmoja: mbio za mita 200.

Mary alijua kwamba Rosendahl angemwacha. Hakuna mazoezi ambayo yangeweza kumfanya mwenye miaka 33, mwenye mwili wa mtupa tufe, amshinde binti yule kwa mbio. Kazi yake ilikuwa moja: asiachwe mbali mno. Bunduki ikalia. Rosendahl akapita mstari kwa sekunde 22.96, na pale pale jumla yake ikawa pointi 4,791, zaidi ya rekodi ya Pollak. Lakini Mary alikuwa bado anakimbia. Alifika kwa sekunde 24.08. Wote wawili wakasimama wakihema, wakingoja hesabu itoke kwenye ubao.

Jumla ya Mary ilikuwa pointi 4,801, rekodi mpya ya dunia. Rosendahl alikuwa amepata jumla ya kuvunja rekodi kwa muda wa sekunde moja na kidogo tu, mpaka Mary alipoukanyaga mstari. Pollak alikuwa wa tatu kwa pointi 4,768. Zile pointi 10 zilikuwa karibu sawa na sehemu moja ya kumi ya sekunde katika mbio zile za mwisho. Lau angalilegea hatua mbili kabla ya mstari, kwa kuwa Rosendahl amekwisha pita, angalirudi nyumbani na medali ya fedha.

Furaha ile haikudumu bila doa. Tarehe 5 Septemba watu wenye silaha walivamia makao ya wachezaji mle Munich, na Waisraeli 11 wakapoteza maisha yao. Mary naye alipata habari za kutisha. Mtu asiyejulikana alipiga simu na kutishia kumuua, kwa sababu alikuwa Mprotestanti aliyeipatia Uingereza medali. Alishauriwa asirudi Belfast. Angeweza kukaa Uingereza alikozaliwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alirudi. Alisema Belfast ndiko kwao, na watu wa Belfast ndio aliotaka kuwaonyesha medali ile. Siku alipopitishwa mitaani, umati ulijipanga kando ya barabara kumlaki, Wakatoliki na Waprotestanti, katika mji ambao watu walikuwa wameogopa hata kukusanyika sokoni. Medali haikumaliza vita. Ghasia za Ireland ya Kaskazini ziliendelea mpaka mapatano ya mwaka 1998. Lakini kwa siku moja watu waliokuwa hawakai meza moja walikuwa na jambo moja la kufurahia.

Mwaka 1973 Buster McShane alikufa katika ajali ya gari. Mwanafunzi wake aliendelea bila yeye, na mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, akatwaa tena dhahabu ya michezo mitano ya Jumuiya ya Madola. Kisha akastaafu. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa bado haijakamilika. Tangu aliporudi kutoka Munich alikuwa ametaka jambo moja kwa ajili ya mji wake: kiwanja cha riadha kilicho kizuri, ili watoto wa Belfast wasifanye mazoezi katika shida aliyoipata yeye. Fedha zilichangwa, na mwaka 1976 kiwanja kikafunguliwa kikiwa na jina lake. Watoto wa pande zote mbili walikimbia humo, na mtoto anayengoja zamu ya kupokezana kijiti na mwenzake hana nafasi ya kumwuliza anasali wapi. Baadaye Mary alipewa heshima nyingi na serikali ya Uingereza, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 alikuwa mwakilishi wa Malkia katika mji ule ule alioambiwa asirudi.

John Akii-Bua hakubahatika hivyo. Mwaka 1979, Serikali ya Idi Amin ilipokuwa ikianguka, alilazimika kuikimbia nchi yake pamoja na jamaa zake. Alipita Kenya, akaishi Ujerumani Magharibi, na baada ya miaka kadhaa akarudi Uganda na kuendelea na kazi ya polisi. Alifariki mwaka 1997. Mbio zake za Munich hazijapungua thamani, lakini maisha yake yanakumbusha kwamba bingwa huhitaji nchi yenye amani ili alichokipanda kiote. Mary alibahatika kuuona mti wake ukizaa.

Michezo mitano yenyewe haipo tena katika Olimpiki za kiangazi. Mwaka 1984, huko Los Angeles, ilichukuliwa na michezo saba, ambamo mkuki na mbio za mita 800 ziliongezwa. Mshindi wa kwanza, Glynis Nunn wa Australia, alimpita Mmarekani Jackie Joyner kwa pointi 5 tu. Joyner naye hakukata tamaa: miaka minne baadaye, mjini Seoul, akijulikana kwa jina la Jackie Joyner-Kersee, alishinda kwa pointi 7,291, rekodi iliyokaa kwa miongo mingi bila kufikiwa. Yale yale ya Mary yalijirudia: aliyekosa kwa kidogo alirudi akakusanya tena.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutajwa sana habari za fedha zinapozungumzwa, lakini inafaa pia kwa watoto wa kike. Katika kambi zetu na katika mitaa ya polisi viko viwanja ambavyo kila jioni hujaa wavulana, huku wasichana wakiwa wamesimama pembeni na ndoo za maji. Kuchota maji ni kazi ya lazima, na kaka zao nao wana mikono ya kushika ndoo. Binti akipewa nusu saa kila jioni, na mahali pa kurukia palipochimbwa na baba yake na kutiwa mchanga wa mtoni, huenda asifike Olimpiki. Lakini atakuwa amejifunza kwamba kazi haiishi mpaka mstari uvukwe, hata kama wenzake wamekwisha kufika.